Kile "kibanda cha Kirumi" cha Naqa, Sudan: ni kazi ya Warumi, Wamisri au wenyeji?

#1 Mwezi Mchanga

Wakuu salaam. Kuna kitu kinanitatiza, naomba tukijadili.

Nchini Sudan, kama kilomita 170 kaskazini mashariki ya Khartoum, kuna mahali panaitwa Naqa. Ni nyikani, mbali na Nile. Pale kuna hekalu la mungu simba, Apedemak, lililojengwa na mfalme Natakamani na malkia Amanitore karne ya 1 BK. Hatua chache mbele yake kuna kijengo kidogo, leo hakina paa, ambacho vitabu vingi vinakiita kibanda cha Kirumi.

Tafuta picha yake uone mwenyewe. Mlango juu una safu ya swila walioinua vichwa, Misri tupu. Sogea pembeni: madirisha ya tao, nguzo zenye vichwa vya majani ya Kikorintho, Roma tupu. Na aliyetoa hela ni mfalme wa Kushi, ufalme wa kale wa Sudan ambao mji wake mkuu wakati huo ulikuwa Meroe, ambaye hakuwa chini ya Roma wala chini ya Misri.

Dai langu ni hili: mafundi walitoka nje. Mtu wa Meroe hawezi kuamka asubuhi tu akachonga nguzo ya Kikorintho bila kuiona wala kufundishwa. Waliajiriwa watu kutoka Misri iliyokuwa chini ya Warumi. Mwenye hoja tofauti ashushe.

#2 Kibatari

Natandika mkeka. Huu uzi nausoma na chai.

#3 Shoka Butu

Mungu simba kajengewa hekalu miaka elfu mbili iliyopita. Wananchi wa Jangwani mnalo la kusema?

#4 Kijani na Njano

@Shoka Butu na leo hekalu lenyewe ni gofu. Endeleeni na mada.

#5 Mwashi wa Mbagala

Mimi ni fundi, historia naisoma usiku nikishaoga vumbi. Mleta mada, punguza kidogo hapo kwenye tao. Tao si mali ya Roma. Maghala ya matofali mabichi pale Ramesseum, Misri, yamepigwa matao tangu karne ya 13 KK. Roma ilikuwa bado haijazaliwa. Na Wanubi mpaka karne iliyopita walikuwa wanaezeka nyumba kwa tao la matofali ya udongo bila kuweka mbao za kushikilia chini. Unaegemeza safu ya kwanza kwenye ukuta wa nyuma, kila safu inalalia mwenzake, udongo ukishika unasonga mbele. Hiyo ni akili ya bonde la Nile.

Kichwa cha nguzo cha majani ndiyo habari nyingine. Hicho hakizuki chenyewe. Hapo nakubaliana na wewe kuwa kuna mtu alikiona mahali.

#6 Mzee wa Ramani

Sahihisho dogo kwa #1. Kusema Kushi haikuwa chini ya Misri ni kweli kwa karne ya 1 BK, ila usiliache hivyo watu wakadhani ndivyo siku zote. Misri ya Ufalme Mpya iliitawala Nubia, yaani kusini ya Misri hadi kaskazini ya Sudan, kama miaka 400 hadi 500, kuanzia karibu 1500 KK. Farao Thutmose III alifika hadi mlima Jebel Barkal, Sudan, na pale likajengwa hekalu la Amun, mungu mkuu wa Misri, chini ya ule mlima. Misri ikadhoofika, ikaondoka. Amun akabaki.

Kisha kibao kikageuka. Karne ya 8 KK mfalme Piye wa Kushi alishuka na Nile akaiteka Misri, na alifanya hivyo kwa jina la Amun wa Jebel Barkal. Wafalme wa Kushi ndio nasaba ya 25 ya Misri, hadi Waashuri walipowapiga, na kufikia 656 KK wakawa wameipoteza Misri yote.

Sasa niambie: Natakamani anapoweka swila juu ya mlango wake, huo ni mtindo wa kigeni? Kwao ulikuwa na umri wa miaka elfu moja na nusu. Mimi naona "Misri tupu" ni kauli inayohitaji kupimwa upya. Wao walijiona ndio warithi halali, na Wamisri wa wakati ule ndio walioharibikiwa kwa kutawaliwa na Wagiriki kisha Warumi.

#7 Ndezi Mtulivu

Uzi mzuri. Nimejifunza kitu kabla ya saa nne asubuhi, bosi hajafika.

#8 Mwana wa Barza

Watu mnakodolea macho nguzo na swila, mnasahau ramani ya jengo. Pale Naqa kuna mahekalu mawili makubwa ya Natakamani na Amanitore. La Amun lina njia yenye safu za kondoo dume wa mawe, kisha lango la minara miwili, kisha ukumbi, kisha chumba baada ya chumba hadi ndani kabisa anapokaa mungu. Hiyo ni ramani ya Kimisri.

La Apedemak? Lango la minara miwili, halafu chumba kimoja, basi. Na si Naqa tu. Hekalu la simba la Musawwarat es-Sufra, lililojengwa na Arnekhamani karne ya 3 KK, ni vilevile. Apedemak hayumo katika miungu ya Misri, ni wa Kushi. Mungu wa kuja kapewa nyumba ya kuja, mungu wa nyumbani kapewa nyumba ya nyumbani, ila zote mbili zimevalishwa lango la Kimisri kwa mbele.

Kwa hiyo swali la nani alijenga halijibiki kwa kutazama mapambo peke yake.

#9 Mwezi Mchanga

@Mwana wa Barza hiyo ya chumba kimoja nimeikubali. Ila kibanda bado ni kibanda. Hakina lango wala Apedemak.

#10 Dereva Mstaafu

Habari za siku nyingi jukwaani. Mimi nilifanya kazi ya usafirishaji Khartoum kabla ya vita, nilipeleka wageni huko mara kwa mara. Mnafuata barabara ya Shendi, halafu mnaacha lami, ni mchanga na miba hadi mnafika. Kabla hujayaona mahekalu unakuta kisima. Kirefu kweli, kamba inavutwa na punda: punda anaondoka anatembea mbali hadi ndoo ya ngozi itokeze, mtoto anamwaga maji kwenye birika la mbuzi, punda anarudi. Wachungaji wanajua mahekalu kama mtu anavyojua mti wa kijijini kwao.

Ukifika kwenye hekalu la simba, minara miwili ya mbele imechongwa mfalme upande mmoja na malkia upande wa pili, kila mmoja kawashika maadui kwa nywele kama fungu la mchicha, mkono mwingine uko juu na silaha. Mkao huo ni wa mafarao, umo Misri toka enzi za kwanza kabisa. Lakini mtazameni malkia. Mnene, nyonga pana, mabega mapana, kucha ndefu. Mchoraji wa Misri hakuwahi kumchora malkia wake hivyo, wao wanawake wote wembamba. Huyu ni mama mwenye nchi, na anapiga adui sawasawa na mumewe.

Halafu kwenye ukingo wa mnara kuna nyoka anachomoza kwenye ua, kichwa chake ni cha simba. Niliwauliza waongozaji maana yake, kila mmoja alikuwa na yake.

Ningeshauri anayeandika kuhusu "ushawishi wa nje" aanze na umbo la yule mama.

#11 Bint Mahiri

Tena jina Kandake lililo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8 ni cheo cha malkia wa huko huko. Yule towashi aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtunza hazina wa Kandake. Zama ni hizo hizo za karne ya 1.

#12 Lugha Mbili

@Bint Mahiri dada, umefanya nifungue Biblia kazini.

#13 Kipanga wa Tanga

Mnazunguka mbuyu. Nendeni ukuta wa nyuma wa hekalu hilo hilo la simba. Apedemak kachorwa ana vichwa vitatu na mikono minne! Mungu wa namna hiyo mnamjua wapi? India. Bahari ya Shamu ilikuwa na meli za biashara ya India wakati huo, na Meroe haikuwa mbali na bahari. Wasomi wa zamani walishalisema hili, likafunikwa.

#14 Mwana wa Barza

@Kipanga wa Tanga halikufunikwa mkuu, lilijibiwa. Sanamu za India za mawe zenye mikono mingi zinaanza kuonekana kwa wingi zama za Wakushani (watawala wa kaskazini mwa India, si Wakushi wetu), karne za kwanza BK. Yaani ni rika moja na Naqa. Nani kamwiga nani hapo?

Na tazama mchoro wenyewe umekaaje. Mfalme anakuja upande mmoja, malkia upande wa pili, wote wanamsujudia mungu yuleyule. Sanaa ya asili ya Misri inachora uso kwa upande. Mungu akimwangalia mfalme, kampa malkia kisogo. Basi mchongaji akampa uso wa huku, uso wa kule na mmoja wa mbele, na mikono ya kutosha kuwapokea wote wawili. Ni suluhisho la mtu aliyebanwa na kazi yake ukutani, halihitaji merikebu kutoka Gujarat.

#15 Kipanga wa Tanga

Maelezo mazuri, ila ni maelezo tu. Hukuwepo.

#16 Mwana wa Barza

Wala wewe.

#17 Mwalimu Zamu

Ngoja niwape silaha upande wa mleta mada, maana naona anazidiwa. Ushahidi wa mafundi wa kigeni upo, tena wa maandishi. Farao Taharqa wa nasaba ya 25, aliyetawala 690 hadi 664 KK, alijenga hekalu la Amun pale Kawa, Nubia. Katika jiwe la maandishi aliloliacha humo anasema alipeleka mafundi kutoka Memphis, Misri. Na kazi yao inaonekana: kuna mchoro wa farao katika umbo la sfinksi anawakanyaga Walibya, mke na watoto wa mkuu wao wako pembeni wanalia. Mchoro huo umenakiliwa kutoka mahekalu ya piramidi ya Ufalme wa Kale, kama la farao Sahure kule Abusir, hadi majina ya hao Walibya ni yale yale. Sahure alitangulia zaidi ya miaka 1700!

Kwa hiyo mfalme wa Kushi kuagiza mafundi nje si jambo la ajabu. Walifanya, na wakajisifia.

#18 Mwezi Mchanga

Shukrani @Mwalimu Zamu. Haya, wapinzani?

#19 Mzee wa Ramani

Mpinzani nipo. Taharqa alikuwa mtawala wa Memphis yenyewe. Alihamisha watu wake kutoka mji wake kwenda mji wake. Natakamani kaja miaka 700 baadaye na hakuwa na amri hata ya kumwita kibarua wa Aswan. Huwezi kuvuka miaka 700 kwa daraja la jiwe moja.

#20 Sauti ya Kiwira

Naomba niulize kama mtu wa kawaida. Hawa Kushi na Roma walikuwa marafiki au maadui? Maana mtu haweki nguzo za adui wake uani kwake.

#21 Mzee wa Ramani

@Sauti ya Kiwira swali la maana kuliko yote humu. Walianza na vita. Kama 25 KK Wakushi walivamia mpakani, Aswan, Philae na Elephantine, wakaangusha sanamu za Kaisari Augusto. Petronius, gavana wa Kirumi wa Misri, akajibu kwa kupanda hadi Napata, mji wa Kushi. Mwandishi Strabo ameyaeleza. Miaka michache baadaye, 21 au 20 KK, wajumbe wa Kushi walimfuata Augusto kisiwani Samos wakapata mkataba, na kodi walisamehewa.

Sasa sikia uhondo. Mwaka 1910 Mwingereza John Garstang akichimba Meroe alikuta kichwa cha shaba cha Augusto, kikubwa kuliko cha mtu, macho yake ya kioo na mawe bado yamo. Kilizikwa chini ya kizingiti cha jengo la ibada. Kila anayeingia anamkanyaga Kaisari. Sasa hivi kipo British Museum.

#22 Shoka Butu

Hao watu walikuwa na chuki yenye mpangilio.

#23 Sauti ya Kiwira

Kwa hiyo mji mmoja unamkanyaga Kaisari mlangoni, na mji wa jirani kizazi kimoja au viwili baadaye unajenga kwa nguzo za Kaisari. Nimezidi kuchanganyikiwa, asante.

#24 Mjomba wa Jersey

Niko New Jersey huku. Nilipeleka watoto Metropolitan, New York, kuna hekalu zima la Nubia ndani, la Dendur. Misri iliwapa Wamarekani baada ya Bwawa la Aswan, likafunguliwa kwa watu 1978. Lilijengwa wakati wa huyo huyo Augusto. Ukutani kachongwa Augusto mwenyewe, lakini amevaa kama farao, taji na sketi fupi, anatoa sadaka kwa miungu. Na miongoni mwa wanaoabudiwa humo ni ndugu wawili, Pedesi na Pihor, watoto wa mkuu wa Kinubi wa eneo lile.

Binti yangu akauliza, baba, huyu Mrumi mbona amevaa nguo za Misri? Nikamwambia amekuja kuomba kura.

Nasema hivi kwa sababu mnaijadili kama barabara ya upande mmoja, Roma kwenda Afrika. Dendur inaonyesha Roma ikipanga foleni kuvaa vazi la wenyeji ili ikubalike mpakani.

#25 Bint Mahiri

"Amekuja kuomba kura" 😂😂 mjomba umeua.

#26 Mwana wa Barza

Ongezea Dakka kwenye hiyo ya #24. Hekalu moja, la mungu Thoth, eneo la mpakani. Arqamani wa Kushi kajenga sehemu yake, Ptolemaio wa IV wa Misri kajenga sehemu yake, karne ya 3 kuelekea ya 2 KK. Wafalme wawili, jengo moja. Mafundi wa mpakani walikuwa wanamtumikia yeyote mwenye ngano. Mtu wa hivyo akishuka Meroe kutafuta kazi nani angemwita mgeni?

Kwa hiyo siamini kwamba mafundi waliletwa. Waliokuwepo mpakani walitembea.

#27 Mwezi Mchanga

Hiyo si ndiyo hoja yangu kwa nguo nyingine?

#28 Mwana wa Barza

Hapana. Wewe umesema walitoka nje. Mimi nasema hapakuwa na "nje".

#29 Mtu wa Maskati

Asalaam alaykum. Nawasoma toka Maskati. Mkitaka kesi ngumu zaidi, acheni Sudan nendeni Yeha, Tigray, Ethiopia. Hekalu la karne ya 7 KK hivi, kuta zake bado zimesimama karibu mita 14, mawe yamechongwa yakakutana bila udongo wala chokaa katikati. Ni la Almaqah, mungu mkuu wa Saba, ufalme wa kale wa Yemeni. Mwendo wake wote ni wa Marib, Yemeni. Limesalia kwa sababu Wakristo waligeuza kanisa.

Huko hata herufi ni za Kusini mwa Uarabuni. Hapo mtasemaje, wenyeji tu?

#30 Mwalimu Zamu

@Mtu wa Maskati waalaykum salaam. Yeha ni mgogoro wa miaka mingi. Mtaliano Carlo Conti Rossini mnamo 1928 aliandika kwamba Wasaba walivuka bahari kwa wingi wakawaletea Waethiopia ustaarabu. Siku hizi wengi hawalikubali lote. Vyombo vya udongo vya watu wa kawaida ni vya kienyeji, na katika maandishi wafalme wanajitaja kwa dola yao, Daamat, siyo kama magavana wa Marib. Wengine wanaona ni wakuu wa pale waliochukua mungu, herufi na mtindo wa jirani mwenye jina kubwa, pengine na mafundi wachache wa Kisaba.

Na ukitoka hekaluni kuna jengo la pili Yeha, Grat Be'al Gebri, jumba kubwa lililofungwa kwa magogo ndani ya kuta za mawe. Ujenzi wa kuchanganya mbao na mawe ukaja kuwa alama ya Aksum, ufalme wa Ethiopia uliokuja baadaye, na unauona hadi leo kanisa la Debre Damo. Wengine wanasema hata huo ulivuka kutoka Yemeni, wengine wanasema ulikomaa hapa hapa.

#31 Mtu wa Maskati

Mimi najua tu kwamba ukimwonyesha Myemeni picha ya Yeha bila kumwambia ni wapi, atakwambia ni kwao.

#32 Fundi Matumbawe

Naona mmefika nilipokuwa nawasubiri. Mimi ni wa Lamu, babu alikuwa fundi, mimi nafanya ukarabati wa nyumba za kale. Haya ya "nani kajenga" tumeyalia sisi miaka. Mwingereza akichimba Kilwa au Gedi anasema Waarabu, anasema Washirazi. Mswahili alikuwa wapi, alikuwa anachota maji?

Nitasema la fundi. Nakshi za mihrabu zachongwa kwenye matumbawe hai yatolewayo baharini. Yakiwa mabichi yakatika kwa shoka kama jibini, yakikauka ni jiwe. Ukichelewa umepoteza. Hilo hulijui kwa kutoka Siraf au Aden, walijua kwa kukaa hapa. Na upana wa chumba cha nyumba ya kale haukuamuliwa na Mwarabu wala Mhindi, umeamuliwa na boriti ya mkoko. Boriti yabeba kama mita mbili na nusu, tatu ikizidi yapinda. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu vyembamba. Uwe sultani uwe nani, mkoko haukujui.

Basi hata huko Sudan msiulize tu ua limetoka wapi. Ulizeni jiwe lao lakubali nini na mti wao wabeba urefu gani.

#33 Mwashi wa Mbagala

@Fundi Matumbawe heshima yako mkubwa. Hii ndiyo hoja ya kiwandani.

#34 Kipanga wa Tanga

Lakini DNA ya 2023 iliyotoka jarida la Nature ilionyesha mifupa ya makaburi ya pwani ina damu ya Uajemi upande wa baba. Kwa hiyo hadithi ya Washirazi haikuwa uongo.

#35 Bint Mahiri

@Kipanga wa Tanga na upande wa mama ni Afrika kwa sehemu kubwa kabisa, usikate nusu. Na kuchanganyika kwenyewe kunakadiriwa kuanza kama mwaka 1000 BK, wakati pale Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti ya awali ya miti na udongo toka karne ya 8. Damu haijengi ukuta.

#36 Shoka Butu

Sasa hivi mtaanza kuulizana makabila. Natoka nje nikirudi nikute mko Sudan.

#37 Kibatari

Chai imeisha, nimehamia uji.

#38 Mzee wa Ramani

Turudi basi, kwa sababu kilio cha Lamu kina ndugu yake Sudan. Kerma, mji mkuu wa Kushi ya kwanza, kuna jengo la matofali mabichi, Deffufa ya Magharibi, mpaka leo lina urefu wa kama mita 18 kwenda juu. Mmarekani George Reisner alichimba hapo 1913 hadi 1916. Akasema ni kituo cha gavana wa Misri, na yale makaburi makubwa ya mviringo ni ya magavana Wamisri, maana kulikuwa na sanamu za Misri humo. Hakufikiri kwamba mfalme mweusi anaweza kuwa na sanamu alizoteka au kununua. Hata nasaba ya 25 aliwapa asili ya Libya.

Baadaye Charles Bonnet, Mswisi, kachimba hapo miongo mingi. Deffufa ni hekalu la wafalme wa Kerma wenyewe. Na pale karibu, Dukki Gel, kafukua majengo ya mviringo na ya umbo la yai, makubwa, ya ibada na ya utawala. Mviringo! Misri haikujenga mahekalu ya mviringo.

Ndiyo maana neno "Kirumi" kwenye kichwa cha uzi huu linanikera. Ni Reisner kwa sauti ya chini.

#39 Mwezi Mchanga

@Mzee wa Ramani sijasema wenyeji hawakuweza. Nimesema nguzo ile ina asili. Kuogopa kusema "ilitoka nje" kwa sababu Reisner alikuwa na ubaguzi nako ni kutawaliwa na Reisner.

#40 Ndezi Mtulivu

Hapo mleta mada kajibu.

#41 Mwalimu Zamu

Mbona hakuna aliyeuliza kibanda kilikuwa cha nini? Timu ya Wajerumani iliyoanza kuchimba Naqa 1995 na Dietrich Wildung inakihusisha na Hathor, mungu wa kike. Yaani ni kikanisa cha Hathor, jina la "kibanda" ni la wasafiri. Wengine wanakumbusha kwamba Misri majengo madogo ya namna hii yalikuwa vituo vya maandamano, sanamu ya mungu ikitolewa nje inapumzishwa humo. Kile cha Kaisari Trajan kule Philae kinafanana nacho kwa wazo.

Kama ni kituo cha maandamano, basi kilikuwa cha kutazamwa na umati, wakiwemo wafanyabiashara na wajumbe. Mfalme akaweka kila lugha ya heshima aliyoijua.

#42 Dereva Mstaafu

Umati kweli. Musawwarat, si mbali na hapo, kuna uzio mkubwa, mita za mraba kama 45,000, kuta, korido, njia za mteremko badala ya ngazi. Na tembo kila mahali, hadi ukuta mmoja unaishia kwa umbo la tembo. Wapo wanaosema ni mahali pa kufuga tembo wa vita, wapo wanaosema mahali pa hija, wapo wanaosema ikulu. Pembeni kuna lambo la kukinga maji ya mvua, upana wake kama mita 250. Hakuna Mrumi aliyewafundisha kuchimba lambo nyikani.

#43 Lugha Mbili

Kwani wenyewe hawakuandika? Si walikuwa na maandishi?

#44 Mwana wa Barza

@Lugha Mbili waliandika sana, kwa herufi zao. Mwingereza Griffith alizisoma sauti zake mwaka 1911. Tunaweza kutamka sentensi nzima ya Kimeroe, ila maneno tunayoyaelewa ni machache. Hekalu la simba la Musawwarat limeandikwa kwa Kimisri, ndiyo maana sifa za Apedemak zinajulikana. Huko Naqa mengi yamekaa kimya.

#45 Bint Mahiri

Na kuna hofu hatutapata zaidi. Vita vya tangu Aprili 2023 vimefanya Jumba la Makumbusho la Taifa Khartoum liporwe, na Januari 2024 kulikuwa na taarifa za wapiganaji kufika hadi Naqa na Musawwarat. Hayo maeneo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, lakini risasi haisomi kibao.

#46 Dereva Mstaafu

Nina watu pale siwapati kwenye simu. Tuendelee tu.

#47 Mwashi wa Mbagala

Pole mzee wangu.

Mimi nina nadharia yangu, mcheke. Kibanda kina mlango wa Kimisri na kuta za pembeni za Kirumi. Natakamani na Amanitore walitawala pamoja, kila mahali wamechongwa wawili sawa kwa sawa. Nilishawahi kujenga kwa mume na mke waliokuwa hawakubaliani, Kigamboni huko. Mume alitaka geti na mlango wa zamani wa nakshi kama wa kwao. Mke aliona madirisha fulani kwenye simu, ya tao, na akayataka hayo hayo. Kila mmoja ananipigia simu kwa siri. Nikampa mume mbele, mke nikampa ubavuni. Nyumba ipo, watu wanapita wanasema fundi alichanganyikiwa.

#48 Shoka Butu

Hii ndiyo nadharia pekee niliyoielewa tangu asubuhi.

#49 Mzee wa Ramani

Hata kisayansi haiko mbali. Aliyeamua ni mwenye nyumba.

#50 Mwezi Mchanga

Na aliyejua kuchonga yale majani ni fundi, na fundi alijifunza mahali. Sijahama.

#51 Kipanga wa Tanga

Nami sijahama India.

#52 Fundi Matumbawe

Mwenye picha ya karibu ya kichwa kimoja cha zile nguzo aiweke hapa, isiyo ya mbali. Nataka kuona patasi imeingia kwa pembe gani na majani yamechongwa yakiwa chini au nguzo ikiwa imeshasimama. Halafu mtu aniambie lile jiwe la mchanga la kwao ni laini kiasi gani.

#53 Dereva Mstaafu

Ninazo kwenye simu ya zamani. Chaji yake ni ile ya tundu pana, nikiipata nazipandisha.